Nilimtibu kasuku wa madam kwa dawa ya kuku

Wakuu, salaam. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Dubai, sijatia chumvi.

Tuliokuwepo kliniki siku ile: madam, daktari wa ndege, Akinyi ambaye tunafanya naye kazi za nyumbani kwa madam, mimi, na Lulu, kasuku wa kijivu aliyeachwa na marehemu mama yake madam.

Lulu alikuwa akipiga chafya miezi na miezi. Anapata nafuu, inarudi. Pua moja imeziba, amekonda hadi mfupa wa kifua umechomoza.

Madam alishaamua kinachomdhuru ni bleach anayosafishia Akinyi. Akamnyima off ya Jumapili, hata ya Pasaka, awe anaosha upya chumba cha ndege kwa maji matupu. Akinyi ni mtu wa kwaya. Alilia jikoni, mimi nikaendelea kula.

Sasa niwaeleze.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la saba, nikalea wadogo zangu kwa kufuga kuku. Kuku akikoroma, unatia unga wa antibiotic kwenye maji yake, kesho anadonoa. Pakiti moja nilikuja nayo huku. Lulu akipiga chafya, natia kidogo. Akichangamka, naacha. Nilijiona daktari.

Basi siku ile kliniki majibu ya lab yakatoka: hakuna bakteria.

"Kuna dawa yoyote amepewa?" daktari akauliza.

"Hapana," nikasema.

"Basi huenda ni fangasi. Itabidi tumpe dawa ya usingizi, tuingize kamera. Ni mzee huyu, anaweza asiamke."

Madam machozi. "Yalla, fanyeni. Ndiye aliyebaki wa mama yangu."

Akinyi akanichokoza, "Bro, si wewe ndiyo mtaalamu wa kuku? Saidia daktari basi."

Nikamgeukia daktari. "Doctor, nimempa. Dawa ya kuku."

Hakunitukana, na hiyo iliniuma zaidi. Akaeleza kwamba dozi zangu ndogo zilipunguza bakteria hadi kipimo kisiwaone, lakini hazikuwamaliza. Waliobaki wameizoea dawa.

Kamera ikaahirishwa. Dawa zote zikasimamishwa, tukasubiri, ikachukuliwa sampuli nyingine puani. Safari hii bakteria wakaota kule lab, ikajulikana dawa ipi bado inawaua. Lulu anaendelea na matibabu. Anakula, ila kupona bado.

Madam hakunifukuza. Alisema tu, "Nilikuamini kuliko daktari."

Nilichojifunza: kabla ya kipimo, taja kila ulichompa mnyama, hata kile cha aibu. Wenye uzoefu na kasuku nisahihisheni. Wa kunisema pia, semeni, nimestahili.

Akinyi karudishiwa Jumapili zake. Nilipomwomba msamaha akajibu, "Pasaka nzima nimesugua cage, wewe unakula chapati nilizopika. Hiyo Pasaka utanilipaje, kaka?"

Mpaka naandika hapa, sijamlipa.