Niliposa kwa Mbinu za Wagiriki

Wadau, nimeenda kuposa Ijumbi, baba mkwe akanikumbatia akilia, akanichinjia mbuzi mzima, na mke sikupata.

Tulieni niwape mkasa.

Naitwa Aristides, kijana wa Nyanga, Bukoba. Chuoni nasoma fasihi, na muhula huu tumezama kwenye tenzi za Wagiriki na Warumi wa kale.

Kuna tukio nililipenda kufa. Mashujaa wawili wanakutana vitani. Kabla ya kurushiana mikuki, kila mmoja anataja ukoo wake. Kumbe babu zao walikuwa maswahiba! Mikuki chini, wanapeana mikono.

Mhadhiri akatuambia tuchambue: hapo kutaja ukoo ni silaha.

Basi mimi huyo, nikaibeba mpaka ukweni.

Baba yake Joyness, mzee Rutashobya, hakutaka hata kunisikia. Eti nasomea mashairi ya marehemu. Koo zetu zilishachunguzwa, hazikuwa na shida. Kazi ilikuwa kumlainisha yeye, na mimi Joyness nampenda jamani, acheni.

Mshenga wetu alinionya nifunge mdomo, kusema ni kazi yake. Nikaona ananibania. Mzee alipouliza huyu kijana ni nani hasa, nikasimama.

Nikataja baba. Nikataja babu. Mzee bado kanuna.

Nikashusha nondo: babu alikuwa akija Ijumbi kununua kahawa, analala kwa mzee mmoja akiitwa Avit. Wakapendana mpaka wakachanjiana, wakatafuna buni zilizopakwa damu. Ule udugu Wahaya tunauita omukago.

Mzee akaweka kikombe chini. Machozi yakamtoka, akaja kunikumbatia.

"Avit ni baba yangu mzazi," akasema.

Nikamkonyeza Joyness. Nimeua!

Nikamtazama mshenga. Kashika kichwa.

"Waliokula omukago ni damu moja," mzee akaendelea. "Vizazi vyao havioani. Joyness, njoo umsalimie kaka yako."

Mbuzi akachinjwa, nikapewa paja. Joyness alinipakulia ndizi huku analia, na mimi nikala huku nalia, maana njaa nayo haina adabu.

Mwezi wa nne anaolewa na mwalimu mmoja wa Nshamba. Jana mzee kanipigia simu: kaka mtu ndiye atakayemkabidhi bibi harusi, halafu nitoe na hotuba, kwa sababu najua kuongea.

Vijana wenzangu, fasihi someni, ni tamu sana. Ila ukweni mwachie mshenga aongee, wewe kula unyamaze.