Nyumba Yenye Hadithi Mbili

Haya, chekeni, maana hata mimi nimechoka kuficha: niliwaliza wazee wa Mugango kwa msiba wa uongo, mchana kweupe.

Enzi za Mwingereza, Mmarekani mmoja wa misheni alitaka kujenga kwetu nyumba kama ile aliyoijenga babu wa babu yake huko kwao, ila mawe yalikuwa ya kilima cha ukoo wa Mzee Magesa, kwa hiyo ukaitwa mkutano, akatafutwa mkalimani, na mimi mwenye darasa la nne langu la Bunda (Kiingereza kiliishia kwenye salamu) nikanyoosha mkono, kwa kuwa nilisikia atakayetafsiri vizuri ataajiriwa, na mama yangu hakuwa na mwingine wa kumtegemea.

Mmarekani akainua picha, nikaanza vizuri: kuta za mawe ya shambani, bomba la moshi katikati ili moto mmoja upashe vyumba vyote, maana kwao kuna baridi kali (hapo nilifuata vidole vyake tu). Ndipo akasema nyumba ile ina “stori” mbili. Badala ya kuuliza, nikatangaza, “Nyumba hii ina hadithi mbili!”

Watu wakakaa vizuri, akina mama wakatua vikapu. Mmarekani alipomaliza kueleza babu alivyochonga mawe, Mzee Magesa akasema, “Hiyo moja. Ya pili?”

Mmarekani kuona anatazamwa akainua vidole viwili akicheka, nami kijasho kinanitoka nikabuni: babu aliwaomba majirani msaada, wakakataa, akajenga peke yake, ukuta ukamwangukia akafa.

Kilio! Wazee wakapanga foleni kumpa Mmarekani pole, naye anatabasamu, “Asante, asante!”

“Hapa hatuachagi mtu ajenge peke yake,” Mzee Magesa akasema akifuta machozi. “Mawe chukua.”

Mwalimu mmoja wa Musoma, aliyefika kwa kuchelewa na kusimuliwa kisa, akaangua kicheko. “Stori ni ghorofa, wewe! Nyumba juu ya nyumba!”

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakiri mbele ya wote, nikageuka niondoke, Mzee Magesa akanishika shati.

“Neno letu haturudishagi. Ila jiwe la kwanza utabeba wewe.”

Mwalimu akamweleza Mmarekani, naye Mmarekani akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniajiri: nimfundishe Kiswahili, naye anifundishe Kiingereza.

Tangu siku ile, neno nisilolijua nasema silijui, tena kwa sauti. Kuuliza si ujinga, na aliyesema hivyo nahisi naye aliwahi kumuua babu wa mtu.