Kibofu cha Malogo Kimejaa Tena

Wenzangu, leo nimeamka nikakuta mume wangu ameanza kupumua tena.

Msinicheke.

Malogo alipochukuliwa na askari wa Mjerumani kwenda kuvunja mawe ya reli, alipuliza kibofu cha mbuzi, akakifunga kwa ugwe, akakitundika ndani ya nyumba yetu ya tembe, hapa hapa Haneti. Akaniambia, "Pumzi yangu hiyo, kaa nayo."

Kikawa kinasinyaa kidogo kidogo. Nami nakonda nacho.

Leo asubuhi kimejaa tele!

Nikapiga vigelegele. Majirani mbio. Mwalimu wa misheni naye akaja, akakitazama, akakuna kichwa.

"Mama, hewa ni vichembe visivyoonekana. Vikitoka, kibofu kinasinyaa. Hakivimbi tena hivi hivi, mpaka viongezwe vingine."

"Viongezwe na nani?"

Watu wote wakatazama chini.

Mama mkwe akasema taratibu, "Nimepuliza mimi."

Nikamwomba mwalimu avitoe vya mama, aniachie vya Malogo. Akasema vimeshachanganyika, havitenganishwi.

Mngekuwa ninyi, mngekifungua, vya Malogo navyo vitoke?

Ila si hilo linalonitisha. Jana mama mkwe alisimama kisimani muda mrefu na mtu aliyetoka huko relini. Nimemuuliza tangu asubuhi, yule mtu alikuja na habari gani?

Ananijibu lile lile tu:

"Kibofu si kimejaa, mwanangu?"