Pogo ya Baba Mkwe

Kwenye simu ya mume wangu nimewaona Wazungu watu wazima, kofia ngumu vichwani, wakiruka juu ya magari kwa fimbo yenye springi. Inaitwa pogo. Mume wangu, ambaye akisoma kitu kimoja hupenda kufundisha vitatu, anasema zamani ilikuwa ya watoto tu, na za mwanzo zilikuwa za mbao, zikapinda kwa unyevu melini kabla hazijafika dukani, ndipo wakahamia kwenye chuma. Siku hizi nyingine hazina hata springi, hujazwa upepo, na mtu hurushwa juu kama mpira. Mimi namsikiliza tu. Pogo ninayoijua ilifika Biharamulo ndani ya bunda la mitumba ambayo mume wangu huuza, na baba mkwe wangu akaamua kuwa ni chombo cha kushindilia udongo.

Mama mkwe alikuwa ametutoka miezi michache kabla. Sisi ni Wasukuma tuliohamia huku kutoka Shinyanga, na kwetu mkamwana hamkaribii baba mkwe. Unamsalimu kwa mbali, magoti chini, macho pembeni. Hamgusani, wala hamzungumzi zaidi ya shikamoo na marahaba. Maneno yetu yote yalipitia kwa mama. Mwambie huyo mtoto chumvi imezidi. Mwambie baba dawa yake iko mezani. Aliyabeba huku akicheka na kuongeza ya kwake. Alipofariki tulibaki wawili kwenye boma moja, mume wangu akizunguka magulio ya Ngara wiki nzima, na hakuna wa kutupelekea neno.

Mzee akaacha kula. Niliweka ugali na mlenda mezani kwake, naondoka, nikirudi nakuta ameumega pembeni tu. Shati lilianza kumpwaya. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Nilitamani kumuuliza kama shida ni chakula au ni huzuni, lakini naanzaje? Niliogopa tutamzika na yeye pia, na mimi nimesimama palepale na adabu zangu.

Asubuhi moja alikuwa anasimika nguzo mpya ya zizi. Pogo ilikuwa imeegeshwa ukutani, haijapata mnunuzi. Akaubonyeza mpira wake wa chini kwa kidole, akaridhika, akaanza kushindilia. Ikamrudisha mikono juu. Akaongeza nguvu, nayo ikaongeza. Ndipo akaona vile vyuma vya kukanyagia pande zote mbili, na mimi niliyekuwa napita na ndoo nikaelewa anachowaza: kumbe chombo kinataka uzito. Akavua kandambili, akapanda.

Akadunda, akadunda tena, uso umemkauka, halafu akaikumbatia nguzo. Nayo nguzo ilikuwa bado haijashindiliwa, ikaanza kulala naye polepole. Nikageuka upande wa pili, kama nilivyofunzwa. Nilimpa mgongo, ndoo kichwani, nikiisikia springi inalia.

"Mwanangu," akasema, "nishike. Nitavunjika."

Nikatua ndoo, maji yakamwagika yote. Nikamshika mkono. Ulikuwa mifupa mitupu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikamshusha. Tukasimama tumeshikana, kila mmoja anatazama ardhi yake.

"Chuma hiki hakishindilii," akasema.

"Hapana, baba."

"Kinacheza."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Naye akacheka, kicheko kilichokwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Nilidhani sasa atauachia mkono wangu. Hakuuachia.

"Tangu aondoke," akasema, "hakuna anayeniambia kumepikwa nini. Nakuta sahani tu, kama mgonjwa aliyelala wodini."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Mimi nilihangaika na chumvi, na mafuta, na ugali laini au mgumu.

Mchana nikapeleka chakula, nikapiga magoti mbali kama kawaida.

"Leo ni mlenda wa karanga, baba," nikasema. "Karibu ule."

Akanawa. Nilipoinuka kuondoka akasema, "Kaa basi, mpaka nimalize."

Nikakaa mlangoni, nimemgeuzia mgongo, nikamsikiliza anavyokula.