Mbuzi wa Mama Mkwe Chini ya Bendera

Kwetu Butembo, bendera inapopandishwa asubuhi, filimbi ikilia, kila aliye barabarani husimama. Pikipiki zinazimwa, kofia zinavuliwa, mama mwenye beseni la ndizi kichwani anabaki pale pale alipo. Anayetembea anahesabiwa kuwa mfanya fujo, na polisi humwita ndani. Mimi sheria hii niliipenda sana. Nilinyooka kuwashinda hata askari wenyewe, na nilijisifu kwa hilo mpaka siku ya kupeleka mahari yangu.

Mbuzi wengine walikuwa wametangulia Beni, kwa wakwe, kwa gari tangu jana yake. Alibaki mmoja tu, yule tunayemwita mbuzi wa mama, anayepewa mama wa bibi arusi. Huyo hakabidhiwi dereva. Shangazi wa bwana arusi humpeleka kwa mkono wake, na asipoonekana, wale wengine wote hawapokelewi. Baba wa mchumba wangu alikuwa amenipigia simu akaniambia waziwazi: saa sita mlango unafungwa, na hapo atajua kwamba sina nia na binti yake.

Basi tukatoka mapema, mimi, shangazi yangu na mbuzi, kwenda kwenye parking ya magari ya Beni. Shangazi akataka tupitie mbele ya ofisi ya serikali, ile ya komine ya Vulamba, eti ni karibu. Filimbi ikalia. Tukasimama wote, isipokuwa mbuzi. Alivuta kamba ikamchomoka shangazi mkononi, akaingia uani, akaenda moja kwa moja kwenye maua yaliyopandwa chini ya mlingoti.

Shangazi hakufikiri mara mbili. Alikaza kitenge kiunoni akamfuata mbio, huku akipiga kelele: "Mumukamate! Mumukamate!" Hakuna aliyemkamata, maana sote tulikuwa tumeganda. Hata mimi nilibaki wima, mikono ubavuni, nikitazama ndoa yangu ikila maua ya serikali.

Bendera ilipofika juu, polisi mmoja alimsogelea shangazi, ambaye tayari alikuwa na kamba mkononi.

"Mama, sheria inasema kila mutu asimame. Hii ni désordre, fujo mbele ya drapeau."

"Mi nilisimama, chef. Ni mbuzi njo ilikatala."

"Mbuzi iko ya nani?"

"Bado iko yetu. Kisha saa sita itakuwa ya bakwe."

"Donc saa hii iko yenu, na désordre iko yenu."

Akaamriwa asimame pale uani bila kutikisika mpaka mkubwa wa ofisi afike. Shangazi yangu, ambaye kanisani hawezi kutulia hata wakati wa kusali kimya! Alisimama kwa muda wa karibu saa tatu nzima, akinung'unika kwa Kinande. Mimi nilikuwa getini nimemshika mbuzi, jasho likinitoka, nikihesabu kilomita za kufika Beni. Mkubwa alipofika na kusikia habari ya mahari, alicheka mpaka akashika tumbo, akasema: "Muende muoe."

Tulifika kwa wakwe, katika komine ya Ruwenzori, saa saba. Mlango ulikuwa umefungwa kweli. Shangazi akaanza kusimulia habari ya tairi iliyotoboka, lakini nikamkatiza, nikaieleza ile hadithi yote ya bendera kupitia mlangoni. Halafu mlango ukafunguliwa nusu, na baba wa mchumba wangu akachungulia.

"Ni nani alikimbia nyuma ya mbuzi?"

"Ni mimi," akasema shangazi.

"Na we bwana arusi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasimama, papa. Drapeau ilikuwa inapanda."

Nilitegemea kusifiwa. Mzee ni mtu wa kanisa na wa utaratibu. Badala yake alinitazama mimi, kisha akamtazama shangazi, ambaye kitenge chake kilikuwa bado na udongo wa bustani ya komine.

"Na kama ni binti yangu njo alikuwa anakimbia mule?"

Aibu ilinishika hadi masikioni. Mwanamke mzima alikimbia peke yake kuokoa ndoa yangu, nami nilijivuna kwa kutotikisika.

"Singesimama, papa. Ningekimbia naye."

"Polisi batakufunga."

"Banifunge."

Akafungua mlango wote.