Kiti cha Dereva Kutoka Sengerema

Nilikwenda Sengerema kuchukua gari ambalo nililipinga kwa miaka miwili. Mume wangu Deusi, mwalimu wa fizikia hapa Mwanza, alikuwa amelipenda kupita kiasi: gari la milango minne, buti lake linameza mizigo ya familia nzima, lakini chini ya boneti lina injini ya silinda sita na turbo. Mimi nililiita mke mwenzangu. Kila nilipomkumbusha kwamba nyumba yetu haijapigwa lipu, alifungua daftari na kunisomea atakavyoliboresha: breki kubwa, springi ngumu, ekzosi pana, turbo nyingine. Jioni moja alichukua tepu yangu ya kupimia nguo akanipima mguu nikiwa nimekaa kwenye cherehani, kuanzia gotini hadi kwenye pedali. Alisema ni kwa ajili ya somo la Jumatatu. Nilicheka, nikaendelea kushona. Mwishowe nilikubali, fedha ikawa tayari. Wiki mbili baadaye akaugua, na hakupona. Tulimzika kwao Bukoba.

Mwenye gari, Mzee Masanja, alikuwa amewakatalia wanunuzi wengi. Alimwahidi Deusi peke yake, kwa kuwa alimwamini kwamba atalitunza. Baada ya miezi mitano nilimpigia simu. Kwetu msiba hausemwi kwa simu kwa mtu mzima, kwa hiyo nilisema tu kwamba tunakuja Jumamosi. Nilitaka gari lile lifike nyumbani, hata kama aliyelitamani hayupo. Hofu yangu ilikuwa kwamba mzee hatalitoa kwa mjane asiyejua hata kuwasha injini.

Saa mbili asubuhi tulikuwa kivukoni Mwanza. Nilifuatana na Joakimu, mdogo wake Deusi, ambaye ndiye angeendesha wakati wa kurudi.

"Shemeji, siku hizi daraja lipo," alinung'unika. "Nani anasubiri kivuko?"

"Kaka yako alikuwa anapita hapa."

Ziwa lilikuwa limetulia, magugumaji yamejikusanya kando ya gati, na mwanamke mmoja karibu yetu alikuwa anamenya mayai ya kuchemsha. Nilijaribu kufikiri Deusi alikuwa anasimama upande gani wa kivuko. Sikuwahi kumuuliza, maana sikuwahi kukubali kufuatana naye.

Kamanga tulipata gari la abiria. Barabara ilipita kwenye mihogo na mawe makubwa. Kila mlima nilisikia sauti ya Deusi akisema, hapa turbo itaonyesha kazi yake. Wakati ule alinichosha. Sasa ningelipa chochote anichoshe tena.

Saa tano tulifika kwa Mzee Masanja, nje kidogo ya mji wa Sengerema. Alisimama barazani akapunga mkono kwa furaha.

"Deusi! Leo umekuja na mama mwenyewe!"

Joakimu ana urefu uleule wa kaka yake, na mwendo uleule. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mzee aliposogea ndipo alipoona.

"Shikamoo, mzee," Joakimu alisema.

"Marahaba. Kumbe si yeye. Wewe nduguye?"

"Mdogo wake."

"Yeye amebanwa na vipindi?"

Joakimu alinitazama. "Tutaongea, mzee."

Huku mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, na mwenye habari nzito huikalia hadi mikono ioshwe. Nilijua desturi hiyo, lakini sikujua inavyoweza kuumiza. Mke wa mzee, Mama Kulwa, alituandalia ugali, samaki sato, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Mzee alikula huku akimzungumzia Deusi.

"Mwambieni breki kwanza, turbo baadaye. Vijana wana haraka." Akamgeukia mkewe akicheka. "Mama huyu ndiye alikuwa hataki gari!"

"Ndiye mimi," nilisema.

Tuliponawa, Joakimu aliweka taulo chini.

"Mzee, kaka hatunaye. Tulimzika mwezi wa tatu."

Mzee alikuwa ameshika jagi la maji. Alinawa tena mikono ambayo tayari ilikuwa safi. Mama Kulwa alijifunika kanga usoni akalia kwa sauti.

"Na mimi nimekaa hapa namtania," mzee alisema. Kisha akanigeukia: "Sasa mayu, mama yangu, gari unalitaka la nini? Hukulipenda. Utaliuza?"

"Siliuzi. Alilisubiri miaka miwili, na mimi ndiye niliyemchelewesha. Nataka lilale nyumbani kwake."

Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa mtu yeyote. Nililia kama mtoto, mbele ya watu niliowajua kwa saa moja.

Mzee aliinuka bila kujibu, akafungua banda la nyuma. Gari lilikuwa jeupe, limefutwa vizuri kumsubiri mwenyewe. Alifungua mlango wa dereva.

"Kaa."

Nilikaa. Mimi ni mfupi. Kwenye magari ya watu huona dashibodi tu. Hapa niliona barabara yote hadi getini, na miguu yangu ilifika kwenye pedali.

"Alikuja peke yake kabla ya kuugua, akaniachia vipimo nimpe fundi," mzee alisema. "Fundi akachomelea vyuma chini ya kiti. Nilimuuliza, mtu mrefu hivyo unainua kiti cha nini? Akaniambia yeye atakaa pembeni."

Nikaikumbuka tepu, cherehani, na somo la Jumatatu. Mzee aliniwekea funguo mkononi. Nilimhesabia fedha, tukasaini hati kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaaga.

Joakimu aliendesha hadi Kamanga ameinamisha shingo, kichwa kinagusa dari. Kilimani gari lilivuta kama Deusi alivyosema.

Saa kumi tulikuwa ndani ya kivuko. Joakimu alitoka kunyoosha mgongo. Nilihamia kiti cha dereva, nikakanyaga breki, nikashika usukani kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo nilivyovuka ghuba, injini ikiwa imezimwa. Miaka yote nilidhani tunagombania gari lake. Nililia, lakini macho niliyaweka mbele.

Karibu na gati Joakimu aligonga kioo.

"Shemeji, kesho nilipeleke gari gereji wakishushe hiki kiti. Shingo imekufa."

"Usikiguse."

"Sasa nitaendeshaje?"

"Utakaa pembeni, unifundishe."