Nilimfundisha Baba Mdogo Gia Zote, Nikamficha Kilima

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Sitaji jina kwa sababu Waswahili wa Toronto tunajuana, na wengi wenu mlikuwepo kwenye ule msafara wa harusi mkipiga honi. Mliona ajali. Mimi najua ilianzia wapi.

Wazazi wetu walifariki mwaka mmoja, nikiwa kidato cha pili. Mdogo wangu, nimwite Zawadi, alikuwa na miaka mitano. Baba alikuwa fundi magari Arusha, na kitu alichokipenda baada yetu ni gari lake la spoti la milango miwili, gia za mkono, alilolifufua mwenyewe kutoka kwenye vyuma chakavu. Alinifundisha kuliendesha kabla miguu yangu haijafika vizuri kwenye klachi.

Baba Mdogo, mdogo wake baba, alikuja mazikoni kutoka Canada amevaa koti refu. Akasema gari liuzwe ili sisi tusome. Likauzwa. Akapanda ndege na pesa zote. Hatukumsikia tena!

Niliacha shule, nikaingia gereji kwa rafiki wa baba, nikashika spana ili Zawadi ashike kalamu. Nikajiapiza: huyu mtoto atasoma, na siku ya kuolewa mimi ndiye nitakayesimama kando yake. Sikuyumba. Miaka mingi baadaye kanisa moja lilitudhamini tukaja huku. Tukapata nyumba mtaa wa Thorncliffe Park, mimi nikawa nabadilisha matairi, yeye akasomea uuguzi.

Na nani tulimkuta huku? Baba Mdogo, mzee wa Mississauga, mji wa jirani, na gari lake jekundu la spoti, otomatiki. Kila nyama choma ya kiangazi utamkuta ameliegemea. "Hawa wasichana nimewalea mimi," anawaambia watu. Mimi nimeshika sahani, nampa shikamoo, naye anaitikia marahaba kama mtu mwema. Jamani, ile marahaba ilikuwa inanichoma!

Siku moja wanaume walikuwa wanabishana kama gari la spoti liwe otomatiki au la gia za mkono.

"Gia za mkono ni za madereva wa malori," akasema Baba Mdogo. "Otomatiki ya siku hizi inabadilisha gia kabla hujapepesa jicho. Mkono wako utaiweza wapi?"

Kusema kweli, hapo alikuwa sahihi. Lakini sikuwa natafuta ukweli. Nilikuwa namtafuta yeye.

"Baba Mdogo," nikasema kwa adabu zote, "hilo gari linakuendesha. Wewe ni abiria tu, ila umekaa upande wa usukani."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Kuanzia siku hiyo wakamwita Abiria. Anaingia ukumbini: "Abiria huyo!" Anaondoka: "Abiria, umeshalipa nauli?"

Hakuvumilia. Akaliuza lile jekundu, akanunua spoti la zamani la gia za mkono, kwa ubishi tu. Kisha akanipigia simu, sauti ya chini.

"Mwanangu, unajua tena, miaka mingi sijashika klachi."

"Uliwahi kuishika, Baba Mdogo?"

"Nifundishe. Lakini usimwambie mtu."

Nilimfundisha! Kila Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya maghala huko Mississauga, tambarare kama meza. Nilimfundisha kuondoka, kupandisha gia, kushusha, kurudi nyuma. Nilikuwa mvumilivu hata akanisifu.

Ila kulikuwa na somo moja. Gari lile ni la zamani, halina ule ujanja wa magari mapya wa kujishikilia lenyewe mlimani. Ukisimama kwenye mwinuko unavuta breki ya mkono, unaachia klachi taratibu huku ukikanyaga mafuta, na gari likianza kutaka kwenda ndipo unaachia breki. Vinginevyo linazima au linarudi kinyumenyume. Mimi baba alinifundisha hilo wiki ya kwanza.

"Kuna kingine?" Baba Mdogo akaniuliza Jumapili ya mwisho.

"Hakuna. Umeiva."

Nilijua harusi ya Zawadi inakaribia. Nilijua Baba Mdogo ndiye ataongoza msafara, na kwamba njia ya kwenda kanisani inapanda kutoka bonde la Mto Don, na juu kuna taa. Nilitaka azimikiwe pale, magari yote nyuma yake, watu wote wanamtazama. Alipe honi moja moja kwa yale aliyotufanyia! Nikapanga gari langu liwe la pili, nisikose hata sekunde moja. Bi harusi angepanda kwangu.

Asubuhi ya harusi, gari limefungwa riboni, shangazi mmoja wa kanisani akapaza sauti: "Bi harusi anapelekwa kanisani na baba! Na baba aliyebaki ni huyu."

Zawadi akanigeukia. "Dada, watu wanatazama. Niende naye tu. Utakuwa nyuma yangu, si ndiyo?"

Maneno yalikuwa machache tu: hajui kilima, usipande. Lakini wangeniuliza nimejuaje.

"Niko nyuma yako," nikasema. Nikanyamaza! Mungu wangu, nikanyamaza!

Taa ilikuwa nyekundu. Ikawa kijani. Gari lake likatikisika, likazima. Akaliwasha, likazima. Mara ya tatu likaanza kurudi. Nyuma yangu kulikuwa na gari, bampa kwa bampa, sikuwa na pa kukimbilia. Nikaona shela nyeupe kwenye kioo cha nyuma cha gari lake ikinijia, kisha kishindo. Zawadi alikuwa amefungua mkanda ili gauni lisijikunje. Akarushwa, akavunjika mkono.

Hospitalini Baba Mdogo alilia kama mtoto. "Sikujua kama mlimani kuna namna yake! Dada yako hakunifundisha!"

Zawadi akanitazama. "Dada, ulisahau?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema ndiyo, yangeisha pale. Lakini mtoto huyu nimemlea bila kumdanganya hata siku moja.

"Sikusahau."

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi leo usije kanisani."

Ndoa ilifungwa jioni, mkono ukiwa kwenye plasta. Niliegesha ng'ambo ya barabara, gari limebonyea mbele, nikawaona wanaingia. Aliyemshika ule mkono mzima alikuwa yeye, Abiria! Mahali nilipojiapiza kusimama nikiwa na miaka kumi na tano, alisimama yeye!

Sasa kila Jumapili anakula kwa Zawadi. Amerudi kwenye otomatiki, wala hakuna anayemcheka tena. Watu wanamwonea huruma. Nilitaka kumwaibisha mbele za watu, nikampa binti. Na niwaambie ukweli, bado simpendi. Kama ningeweza kumrudisha kwenye kile kilima peke yake, ningemrudisha kesho. Peke yake!

Zawadi hajanipigia. Mimi nampigia kila Jumamosi, inaita mpaka inakata. Nitaendelea kupiga.

Wewe unayesoma, najua una wako. Una mtu aliyekula cha kwenu, na umeshapanga kimya kimya mahali atakapozimikiwa. Mkabili mchana, usoni, kwa mdomo wako. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo kila Jumapili, tumekaa wawili ndani ya gari, nikaitumia kumfundisha gia. Na kama huna ubavu wa kumkabili, basi kabla hujakaa nyuma kusubiri arudi kinyumenyume, tazama kwanza nani amekaa kiti cha pembeni yake.